Nilipopiga Magoti Nikashindwa Kuinuka

Viwanja Sitini, Ifakara
Jumanne, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Adelhelma,

Barua ya heshima huanza kwa kusema mimi huku sijambo, hofu ni juu yako wewe uliye mbali. Nimeandika hivyo mara mbili, nikafuta. Kwanza huko mbali hujafika bado. Uko Idete kumuaga mjomba wako, na jioni utarudi na kuku ambaye shangazi yako atasema ni mdogo. Pili, hilo la kusema mimi sijambo ndilo lililonikalisha hapa na kalamu. Tulipotoka hospitali Dar es Salaam nilikuambia nimepona. Sikupona. Kansa bado imo mwilini mwangu. Daktari aliniambia waziwazi, nami nikakudanganya huku umenishikia fimbo yangu.

Nakujua. Hapo umeshanyanyuka. Kaa chini, mama. Usimpigie simu mkuu wa shule uliyopangiwa Sumbawanga kumwambia huji. Nimekulea peke yangu tangu mama yako alipofariki ukiwa darasa la pili, na miaka yote hiyo sijawahi kufika mwisho wa sentensi bila wewe kunikatiza. Leo niache nifike.

Mambo ya sweta, ya kuchemsha maji na ya kutokula kwa watu usiowajua sitayagusa. Shangazi yako Skola hajapumzika tangu ulipopata ajira. Kwa maelezo yake, Sumbawanga watu wanatuma radi kama sisi tunavyotuma mtoto dukani akalete chumvi. Ameshakupa rozari tatu na chupa ya maji ya baraka, na nasikia anatafuta ya nne. Mimi nimewahi kuwakobolea mpunga Wafipa wawili hapa mashineni. Walikuwa watu wapole, walisalimia vizuri, na hakuna kilichoungua.

Nataka kukueleza ya kwangu mimi, niliyoyakosea, maana hujawahi kuyasikia kwa mpangilio.

Mgongo ulianza kuuma msimu wa mavuno, mwaka juzi. Wewe nilikuambia ni gunia. Kwa mtu mwenye mashine ya kukoboa mpunga, gunia ni kisingizio kizuri sana, kwa sababu kila mtu amekuona ukilibeba. Shangazi yako nilimwambia nimelala vibaya. Mtani wangu Gervas nilimwambia ni uzee. Watu watatu, sababu tatu, na nilijitahidi nisizichanganye. Ningetumia akili ile kwenye biashara tungekuwa na mashine nne.

Kulikuwa na jambo jingine, la chooni, ambalo baba hamwambii binti yake. Nitaliandika mara moja liishe. Nilikuwa naamka mara tano kwa usiku mmoja, nasimama kule nyuma ya migomba kama mtu anayengoja basi lililokwisha kupita. Asubuhi moja ukaniuliza kwa nini kandambili zangu zina matope. Nikasema nilikuwa nalinda kuku wasiibwe. Hatukuwa na kuku, Adelhelma. Ulinitazama, ukaondoka kwenda kuwasha jiko, na mimi nikajiona mjanja. Kumbe tezi dume ndiyo ilikuwa inaanza habari yake pale, na kutoka huko ikapanda kwenye uti wa mgongo wakati mimi nalinda kuku wasiokuwepo.

Kisha nikakanyagwa. Kwetu mgongo ukiuma anatafutwa mtu mwepesi akukanyage, nawe hilo unalijua. Mwepesi nyumbani ulikuwa wewe, lakini ningekuomba wewe ungeuliza maswali. Nikamwomba Skola. Dada yangu hajawahi kuwa mwepesi tangu alipopata kipaimara. Alipanda akishika ukuta, akasali Salamu Maria moja kwa kila hatua, na alipofika katikati nikaona nyota mchana. “Umepata nafuu?” akauliza. Nikasema nimepata, kwa sababu nilitaka ashuke. Miezi ile yote alinikanyaga kila Jumamosi. Baadaye daktari alipotazama picha na kuona pingili zilivyoliwa, aliniuliza kama niliwahi kuanguka. Nilijibu hapana, na hapo kweli sikudanganya.

Ile Jumapili unaikumbuka, lakini uliiona kwa upande wa nje tu. Katika misa, wakati wa mageuzo, nilipiga magoti pamoja na waumini wote. Tulipofika Baba Yetu, wote wakasimama. Mimi miguu haikuja. Si kwamba iliuma, haikuwepo. Nikainamisha kichwa ili nionekane nimezama katika sala. Padre akaniletea komunyo pale pale nilipo. Kwenye matangazo akasema tuige mfano wa mzee Ditrick, anayejua kuinyenyekea altare. Akina mama wa kwaya wakapita wakinong'ona kwamba neema imenishukia. Mmoja akanigusa bega, kisha akajigusa kifua, apate na yeye kidogo. Mimi nilikuwa najaribu kusogeza kidole gumba cha mguu.

Kanisa lilipobaki tupu ukaja.

“Baba, twende.”

“Bado nasali.”

“Unasali nini?”

“Rozari.”

“Rozari yako nimeiona mezani nyumbani.”

 Ukainama, ukaona ninavyotokwa jasho.

“Baba, huwezi kuinuka?”

“Naweza, ila sitaki.”

Ndivyo nilivyokujibu. Nimeliwaza jibu lile mara nyingi, na kila mara linanichekesha na kuniaibisha kwa wakati mmoja. Mtu hana miguu, bado ana kiburi. Ulimwita Gervas, aliyekuwa nje na baiskeli yake, mkanibeba kwa kwapa, na yule Mngoni hakuacha haki yake ya utani hata mbele ya tabernakulo. “Wapogoro bwana! Vitani mnakimbia, kanisani mnaganda.” Lakini baiskeli yake aliiacha imelala chini nje bila kuifunga. Niliiona, na ndipo nikaogopa.

Si mimi niliyeanzisha kuficha huku. Bibi yangu alikuwa akitusimulia habari za babu wa baba yangu, aliyekwenda vita vya Maji Maji na kumwambia mkewe anakwenda kutazama mitego ya ndezi. Alikuwa amekwisha kunyunyiziwa ile dawa, ameambiwa risasi za Mjerumani zitageuka maji. Kule bomani Mahenge hazikugeuka. Alikimbia, akalala kwenye matete ya Kilombero, na miezi ikapita kabla hajaonekana. Aliporudi maghala yalikuwa yamechomwa, njaa imeingia, na mkewe anachimba mizizi ya ming'oko porini. Mwanamke akanyoosha kiuno, akamtazama kutoka kichwani hadi miguuni, akauliza, “Na ndezi?” Akajibu, “Hawakunasa.” Yakaishia hapo. Hawakuyazungumza tena mpaka walipozikwa. Baadaye watoto wao wakabatizwa kwa majina ya Kijerumani, na ndiyo sababu wajukuu wa mtu aliyepigana na Wajerumani leo tunaitwa Ditrick na Adelhelma, na hakuna karani anayeweza kuliandika jina lako mara moja bila kukosea.

Bibi alisimulia akicheka, nasi tulicheka mpaka machozi. Siku hizi namfikiria zaidi yule mke. Miezi yote ile aliangalia njia bila kujua amwombee mume aliye porini au mume aliye vitani. Mumewe alidhani amemwondolea hofu. Alichomwondolea ni nafasi ya kumuaga.

Turudi kwangu, hospitalini Dar, nilikopelekwa baada ya ile Jumapili. Binti haogeshi baba yake. Hilo hata kansa haikulibadilisha. Kwa hiyo wewe ulishika mafaili na foleni, na Gervas akashika ndoo na sabuni. Alinitukana kila nilipovua shati, akaniuliza kama Wapogoro wote wana mgongo wa kenge au ni ukoo wetu tu. Nilihitaji matusi yale, mwanangu. Mtu anayekutukana bado anakuona u hai.

Siku ya kwanza ya mionzi hukuruhusiwa kuingia, basi nikueleze. Walinilaza kifudifudi kwenye kitanda kigumu. Walikuwa wamekwisha kunichora alama nne za wino, mgongoni na ubavuni, ili mashine ijue pa kupiga, wakanionya zisifutike mpaka siku kumi ziishe. Wakanipanga, wakaniambia nisitikisike, kisha wote wakatoka mbio na kufunga mlango mzito. Anayekutibu akikukimbia, unajiuliza maswali. Nikangoja mashine iwake. Mimi nimekaa na injini miaka thelathini. Mashine isiyotikisa ukuta haifanyi kazi. Ile ilivuma kidogo kama nyuki mmoja, ikanyamaza. Wakarudi wakitabasamu.

“Kijana,” nikamwambia fundi wao, “imezimika.”

“Hapana, mzee. Tumemaliza.”

“Mmemaliza nini? Mbona hata mkanda haujazunguka?”

Alicheka, akanieleza kwa adabu kwamba mionzi haionekani, haisikiki na haina harufu. Nikawaza: babu alipewa dawa aliyoiona na haikufanya kazi, mimi napewa nisiyoiona. Lakini kesho yake nilirudi, maana yule kijana alikuwa anajua anachokifanya, na mimi kwa miezi yote ile nilikuwa nimetibiwa na dada yangu kwa miguu.

Halafu ikaja ile Jumatatu. Joto la Dar lilikuwa limenitoa jasho Jumamosi na Jumapili nzima, na alama zikaanza kufifia. Gervas aliziona wakati ananiogesha. Mtu mwingine angekwenda kuuliza. Yeye alichukua maka peni kwenye mkoba wako akazichora upya, kwa moyo wake mweupe, huku mkono umepinda. Alipomaliza akaona wino umebaki, akaongeza alama ya tano, chini kidogo. Akasema hiyo ni ya Wangoni, wapate na wao mahali pa kupiga. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi nacheka. Sikumzuia.

Fundi alipofunua shuka alisimama kama aliyeona nyoka kitandani.

“Nani amemchora mzee huyu?”

“Mimi,” akasema Gervas mlangoni. “Mtani wangu.”

“Wewe ni kabila gani?”

“Mngoni.”

“Ndiyo maana. Mimi Mhehe.” Kijana akamwonyesha benchi la nje. “Nenda ukae pale, mikono juu ya magoti, nikuone. Nyinyi tangu zamani mkipewa kitu chenye ncha mnaharibu.”

Watu wote kwenye foleni walicheka. Kisha ikabidi nirudishwe kupimwa upya, mwanzo hadi mwisho, na siku ile sikupata mionzi. Nilipokuwa nasukumwa kwenye kiti cha magurudumu nikakuona umeegemea ukuta, peke yako, umejifunika uso kwa faili langu. Mabega yanacheza. Nikadhani na wewe unacheka. Nilipokaribia nikaona unalia bila sauti, kama mtu aliyezoea kulia bila sauti. Ulikuwa umehesabu zile siku kumi moja moja, na sisi wazee wawili tulikuwa tumekupotezea moja kwa mchezo.

 Ulifuta uso ukaniuliza kama nimekula. Tangu siku ile nikaapa moyoni kwamba hutasikia tena habari mbaya kutoka kwangu. Niliona ni kiapo kizuri. Ndicho kilichoniponza.

Mionzi ilifanya kazi yake, hilo usilitilie shaka. Siku za kwanza maumivu yalizidi, nikadhani wamekosea, lakini walikuwa wameshanionya. Halafu yakapungua. Miguu ikarudi, kwanza wa kulia, kisha ule mvivu. Siku ya mwisho, ulipokwenda kuchukua dawa dirishani, yule daktari wa kike, mwenye umri kama wako, alivuta kiti akakaa karibu yangu. Gervas alikuwepo.

“Baba,” akasema, “mionzi hii haijaondoa ugonjwa. Imeutuliza hapo kwenye mfupa, ili usiumie na usikose miguu. Ugonjwa wenyewe bado upo. Tutautuliza kila tutakapoweza.”

“Mpaka lini?”

“Sijui. Nikikutajia mwezi nitakuwa nakudanganya.”

Nikamshukuru. Nikamwomba asikuambie wewe. Akasema habari ile ni yangu, kumwambia mtu au kutomwambia ni juu yangu, ila kama angekuwa yeye ndiye binti angependa kujua. Ndipo ukatokea na mfuko wa dawa, umetoa macho, na mimi nikasema kwa sauti ya mtu aliyeshinda uchaguzi, “Wamesema nimepona! Twendeni tukanywe soda.” Ulinikumbatia. Hukuwa umenikumbatia hadharani tangu ulipovunja ungo. Nikasikia moyo wako unavyodunda, na sikuweza tena kurudi nyuma. Gervas alikunywa soda yake yote bila kunitukana hata mara moja. Tulipofika stendi, wewe ukiwa unatafuta viti, akaniambia, “Ditrick, hili si la utani. Mwambie mtoto.” Nikamwambia nitakuambia. Sikumwambia lini.

Kisha ukaandaa misa ya shukrani. Padre akanisifu mbele ya watu kwa mara ya pili, nami nikapigiwa makofi kwa uponyaji ambao sijaupata. Mahali pa kujificha palikuwa pamekwisha.

Wiki mbili zilizopita mgongo ulianza tena, juu kidogo ya pale pa kwanza. Siku niliyokuambia nakwenda kutafuta mkanda wa mashine, nilikwenda hospitali na Gervas. Mwezi ujao narudi Dar kwa mionzi mingine. Miguu ni mizima, nimeitazama asubuhi hii, vidole vyote kumi vinacheza. Maumivu yapo, na dawa yake ipo, naimeza. Hiyo ndiyo hali yangu yote. Sina akiba nyingine ya siri.

Wewe umeingoja ajira hii miaka mitatu, ukipima mpunga wa watu mashineni na cheti chako kwenye bahasha. Usiporipoti, nafasi inakwenda kwa mtu mwingine. Ningeweza kukaa kimya mpaka treni iondoke. Skola, niliyemweleza juzi, alinishauri hivyo, kwa upendo. Hata barua hii nilifikiri kuificha kati ya nguo zako, uikute umeshafika Mbeya. Nikaona huo nao ungekuwa mtego wa ndezi.

Kwa hiyo nakuomba uende, nawe ukijua. Ukibaki utakuwa unanitazama nikitembea, na mimi nitatembea kwa sababu natazamwa. Nimefanya hivyo miezi mitano na inachosha kuliko ugonjwa. Skola yupo. Gervas ameshajipangia safari ya Dar na ameahidi kutogusa kalamu. Nami kwenye foleni ya mionzi nina shida yangu ndogo: wenzangu wote wanasifu watoto wao. Nataka na mimi niseme, bila kuulizwa, kwamba wa kwangu anafundisha hesabu sekondari.

Naogopa, mwanangu. Naogopa simu itakayokukuta darasani. Naogopa zaidi kwamba ukiisoma barua hii utaacha kuniamini, hata nitakapokuambia nimekula. Nitakupigia kila Jumapili baada ya misa, na nitakuambia kama ilivyo. Nikikudanganya, Gervas ana namba yako na ana hamu ya kunichongea. Nikikuambia njoo, uje. Nakupenda, na nilipaswa kulisema hilo kabla ya kukuambia uongo wowote.

Uamuzi ni wako. Ukisema unabaki, nitanuna siku mbili, halafu nitazoea.

Nakusikia hapo kwa jirani unatoa shikamoo, na kuku anapiga kelele. Nitakupa barua hii mkononi, nitakaa kwenye kiti hiki hiki wakati unaisoma, sitakwenda mashineni. Ukimaliza niulize unachotaka. Kisha uniambie kama kesho tunakwenda stesheni. Viatu vyangu nimeshavipaka rangi.

Baba yako,
Ditrick